Kidole Changu na Maboga ya Mama Mkwe

Nimekulia kwenye nyumba za kupanga mjini, boga nalifahamu likiwa limekatwa vipande sokoni. Nilipoolewa Misigiri na kukuta mmea wenyewe umetambaa hadi nyuma ya choo, nilifurahi kama mtoto. "Mama, tazama kiboga kile, kimeshaanza kukua," nikamwambia mama mkwe, nikakinyooshea kidole.

Wifi yangu akaacha kufagia. Mama mkwe akaushika mkono wangu, akakikunja kile kidole taratibu. "Boga changa halinyooshewi kidole, mwanangu. Linaoza. Ukitaka kulionyesha, onyesha kwa ngumi."

Baada ya siku chache likaoza kweli. Yakafuata mengine: viboga vinageuka njano, vinalainika, vinadondoka. Majirani waliopita kusalimia waliyatazama, halafu wakatazama mikono yangu. Maboga yale ndiyo yanayoivusha nyumba mahindi yakipungua, na bibi harusi wa mjini alikuwa ameyamaliza kwa kidole. Nikawa natembea uani nimefumbata mikono.

Kwa kunifariji, mama mkwe alizidi kunipikia maua ya maboga kwa karanga. Nilishamwambia sijawahi kula mboga tamu hivyo. Miaka mingine, alisema wifi, huchuma machache tu. Mwaka huu, tangu nifike, alichuma yote kila asubuhi kwa ajili yangu. Ila hachumi ovyo. Ua lenye kiboga chini yake haligusi, maana ndilo litakalozaa. Huchuma yale ya kikonyo chembamba, yasiyozaa.

Siku moja nikiyachambua maua hayo, nikaona unga wa manjano umeganda vidoleni. Chavua. Somo la shuleni likanirudia, nami nilidhani nililiacha kwenye chumba cha mtihani. Ua dume ndilo lenye unga. Nyuki asipoupeleka kwenye ua jike, kiboga hakipati mbegu, na mmea haupotezi chakula kukilisha, unakiacha kife. Nikatoka kwenda kuangalia. Nyuki alikuwa akiingia ua jike hili na kutoka lile, miguu mitupu. Unga wote ulikuwa kwenye bakuli langu.

Basi kidole changu hakikuwa na kosa. Furaha hiyo ilidumu mpaka mlango wa jiko. Mama mkwe alikuwa anatwanga karanga, akaniuliza kama nimeshiba usingizi. Ningemwambia nini? Mama, ni wewe uliyeyaua, kwa kunipenda? Niliona haya hata kwa kule kufurahi.

"Mama," nikasema, "maua yamenikinaisha. Naomba tule majani tu."

Akanitazama tumboni, akatabasamu. Sikuwa na mimba. Nikamwacha aamini hivyo.

Sasa viboga vinashika. Juzi jirani alipokuja, mama mkwe alimwonyesha kimoja kwa ngumi. "Mkamwana wangu amejifunza," alisema. "Tangu akunje kidole, hakuna kilichooza." Jirani akanipongeza, nikaitikia asante huku uso unawaka.

Kisha jirani akamuuliza mbona siku hizi hapiki maua, na yeye ndiye anayeyapenda kuliko wote.

"Nayatamani sana," mama mkwe akajibu, akinitazama kwa upole. "Lakini harufu yake isije ikamsumbua mwenzangu."