Kumlipa Mzee kwa Mkono wa Kushoto

Mwaka 2016 nilikuwa mgawa karata wa majaribio kwenye kasino moja hapa Johannesburg. Ukikutana na mama yangu, nilikuwa hotelini. Ndivyo nilivyomwambia, na haukuwa uongo sana, maana ghorofani kulikuwa na vitanda.

Meza yangu ilikuwa ya poka ya karata tatu, mchezo ambao mtoto wa darasa la tatu angeuelewa kabla ya kengele ya uji. Unaweka dau. Nakupa karata tatu, nami najipa tatu. Ukiona zako takataka, unaziacha na dau nalichukua. Ukizipenda, unafuata kwa dau la pili linalolingana na la kwanza, ndipo nafunua zangu. Nikiwa sina hata malkia, sina haki ya kushindana nawe: nakulipa dau la kwanza, la pili unarudishiwa. Nikiwa na malkia au zaidi, tunapimana. Jozi inashinda karata moja moja, kopa tatu tupu zinashinda jozi, na zinazofuatana, tuseme tano, sita, saba, zinashinda hizo kopa. Yaliyobaki ni ya wenye bahati, sitakusumbua nayo.

Akili yake ni sentensi moja: ukiwa na malkia, sita na nne, au bora kuliko hizo, fuata, chini ya hapo, acha. Watu wazima wenye digrii hawakuiweza sentensi hiyo. Walikuwa na ndoto, na hirizi ndani ya soksi, na mmoja alizipulizia karata kama uji wa moto.

Mimi nilikuwa na langu. Kanuni ya pale ilikuwa kwamba mchezaji wa kulia unamlipa kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwa mkono wa kushoto. Ukiuvusha wa kulia hadi kushoto unawapa bega wengine, huwaoni, nao watasogeza chipu, vile vidonge vya plastiki vya kuchezea badala ya pesa, bila haya. Nilielewa kabisa. Lakini nimezaliwa Tanga. Mkono wa kushoto kwetu una kazi yake, na kazi hiyo haifanyiki mezani. Nilichapwa mkono huo tangu naanza kushika kijiko. Basi kila akishinda mtu wa kushoto, mkono wa kulia ulijirusha wenyewe.

"Eish, wewe, huo mwingine umekufa?" msimamizi wetu, mama mmoja wa Soweto, aliniuliza mara ya kwanza. Mara ya pili hakutania. "Ya tatu, unarudisha kizibao cha kazi unaondoka."

Nilikuwa na mke mjamzito kwenye chumba cha Bellevue kilichogawanywa kwa ubao, na kabla ya hapo nilikuwa nauza chaja za simu kwenye robot, magari yakisubiri taa. Kizibao kile nilikitaka kufa.

Siku ya mwisho ya majaribio, saa kumi alasiri, msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. Kiti cha mwisho kushoto akaja kukaa mzee wa Kizanzibari ninayemjua fika. Kila Ijumaa kwenye msikiti wetu mtaa wa Mayfair, baada ya sala, alitukalisha vijana na kutuonya juu ya kamari. Aliniona, nikamwona. Kiswahili mezani kilikuwa marufuku kwetu wagawaji, hivyo hata shikamoo niliimeza. Naye, kwa kuwa kiti alishakikalia, akaweka dau.

Alifuata na malkia, tano na mbili. Angeziacha tu, sote tungepona. Nikafunua zangu: jeki, tisa, nne. Malkia sina. Mzee kashinda, na yuko kushoto.

Niliishika chipu kwa mkono wa kushoto nikamsukumia.

"Kwa mkono huo?" akasema.

Aliichukua, tena haraka.

"Sharp," msimamizi akasema nyuma yangu, yaani safi. Jioni ile nikasaini mkataba.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nikamwamkia. Akageuza uso.

"Huyu," akawaambia, "kanipa kitu kwa mkono wa kushoto. Mimi, umri wa babu yake!"

Watu wakaguna. Mmoja akauliza ni kitu gani hicho. Mzee akakohoa, akasema kitu ni kitu.

Neno kasino lilikuwa limenijaa mdomoni. Nikimwanika yeye, najianika na mimi. Nikamtazama, nikaona anaogopa, midomo imemkauka. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikaubusu, nikaomba msamaha mbele ya wote. Akanisamehe kwa sauti kubwa, akaniombea dua ndefu nipate adabu. Masikio yalikuwa yananiwaka kwa hasira. Watu wakaitikia amina, nami nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.