Joho la Mbega

Kwaya ya kanisa letu pale Mwanjelwa, Mbeya, huvaa majoho meusi yenye kitambaa cheupe kinachoning'inia mabegani. Wageni hudhani mtindo huo ulitoka ng'ambo. Ulitoka msituni, kwa mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe, na aliyeushona ni baba mkwe wangu, Mzee Saulo, fundi cherehani, ambaye tulimzika mwezi uliopita. Mungu amlaze mahali pema.

Utotoni, huko Rungwe, alichunga ng'ombe kando ya msitu, na mbega walikuwa wakimwangalia kutoka juu. Alisema hajawahi kuona askofu aliyependeza kama wale. Mafundi wenzake walimtania: "Saulo, siku kwaya yako ikianza kurukia mitini, tusiulizwe sisi."

Mimi ni mtu wa Igowole kule Mufindi, Mbena kwa kabila. Nilipoolewa na mwanawe, Gwakisa, nilielezwa mapema kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike na baba wa mume hawatazamani wala hawasemezani. Wengi mjini wameiacha mila hiyo. Baba aliishika, kwa heshima na si kwa ukali. Nikiingia sebuleni, yeye alitokea mlango wa nyuma. Akitaka chai, alimtuma binti yangu hata kama nimesimama pale na chupa mkononi: "Anjela, mwambie mama yako babu ana kiu." Aliwahi kunishonea gauni la kitenge kwa vipimo alivyoletewa na mkewe, Mama Lea, na lilinikaa kuliko nguo yoyote niliyopimwa na fundi mwingine. Hivyo ndivyo tulivyopendana, kwa mbali.

Kisha macho yake yakaanza kufa. Presha ya macho, alisema daktari, na kilichopotea hakirudi. Baba alisema anaiona dunia kama anayechungulia tundu la sindano, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Hakulalamika. Alitaka jambo moja tu, amwone mbega tena kabla giza halijafunga.

Basi shule zilipofunga mwezi wa sita, tukaenda kwetu Mufindi. Kaka yangu Filemoni alitusimamishia mahema kando ya bwawa lililo kati ya mashamba ya chai. Baridi ya kule haina adabu. Mama Lea alilala amevaa kila alichobeba, na asubuhi akauliza kama mbega hawapatikani sehemu zenye joto.

Baada ya sala na uji tukapanda njia ya msituni, Filemoni mbele na panga, Gwakisa amemshika baba yake mkono, mimi nyuma kabisa kama ilivyonipasa. Mbega walikuwepo. Majani yalitikisika, Anjela akapiga kelele, "Kule, babu! Kule!" Lakini kwa mtu anayeona kwa tundu la sindano, "kule" ni pakubwa mno. Kila alipopapata, tawi lilikuwa tupu, bado linayumba.

"Wamegundua niliwaibia mtindo," akasema, akacheka. Gwakisa hakucheka.

Tuliporudi kwenye mahema, Filemoni akaondoka kwenda Igowole kutafuta maziwa. Hajafika mbali, tukasikia mngurumo ng'ambo ya bwawa, pale miti ilipoyainamia maji, kama pikipiki inayokataa kuwaka.

"Ni wao," Baba akasema, akasimama.

Mtumbwi wa Filemoni ulikuwa ufukoni, wa watu wawili tu. Gwakisa akaingia kuujaribu, akashika kafi, mtumbwi ukazunguka palepale.

"Gwakisa, unapiga kafi au unasonga ugali?" Mama Lea akamuuliza.

Aliyejua kafi pale nilikuwa mimi. Nilikulia kwenye maji hayo. Sote tulijua. Mbega wakaunguruma tena, na mara hii sauti ilikuwa mbali zaidi.

Baba akamgeukia mkewe. "Mama Gwakisa, mwambie mama Anjela aingie nyuma. Mimi nitakaa mbele, nitazame mbele. Mungu ataelewa. Wazee nao wataelewa."

Tukaondoka. Mbele yangu palikuwa na mgongo wake na kofia yake ya sufu. Bata maji wawili wakatokea kwenye matete. Baba akakohoa.

"Wewe bata, mwambie mama Anjela asipige maji kwa nguvu, atawakimbiza."

"Bata," nikasema, "mwambie baba nimesikia."

Mabega yake yalitikisika kwa kicheko. Tulipokaribia ng'ambo nikamwona, mbega mmoja mkubwa, ameketi kwenye mti mkavu, nywele zake nyeupe zimemwagika pande zote mbili.

"Bata, mwambie baba atazame mti mkavu."

Baba akageuza kichwa huku, akageuza kule. "Bata huyu hajui kuelekeza," akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. Mbega alishaanza kukusanya miguu aruke. Bata nao walikwisha kuruka.

"Baba," nikasema. "Ni mimi."

Mgongo ule ukakakamaa.

"Shika kingo, usigeuze kichwa tena. Nitakugeuzia mtumbwi."

Nikazamisha kafi, nikaugeuza polepole, kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano. "Inua uso. Kuna shina jeupe. Panda nalo."

"Ngoja. Rudi kushoto. Kidogo. Kidogo tena. Hapo! Hapo hapo, mwanangu. Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa.

Sijui mbega yule alingoja nini, lakini alikaa. Mimi nasema alikalishwa. Baba alimtazama bila kupumua, mpaka alipoinuka na kupotea.

"Nilikosea," akasema. "Yale meupe ni marefu, yanapita kiuno. Miaka yote hii nimewavalisha watu nusu mbega!" Akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Kisha mkono wake ukaenda usoni ukafuta kitu. Nilikuwa nyuma, sikuona ni nini.

Tulipokanyaga nchi kavu alikohoa. "Anjela, mwambie mama yako ahsante." Hatukusemezana tena.

Kabla ya Krismasi aliacha kuona kabisa. Hata hivyo alikwenda dukani kila asubuhi, akakaa karibu na fundi mwenzake Didas, akipapasa majoho kwa vidole. "Shusha. Shusha bado. Hapo."

Siku ya maziko kwaya ilivaa majoho hayo, na upepo wa Mbeya ukayapeperusha meupe yake mpaka chini ya kiuno. Familia ilipoitwa kumuaga, nilibaki nyuma nikiwa na gauni langu la kitenge, maana ndivyo nilivyofundishwa. Mama Lea akanifuata, akanishika mkono.

"Nenda, mama. Ninyi mlishavuka."

Nikaenda. Uso ule sikuwahi kuutazama sawasawa. Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na kovu dogo ambalo sikuwahi kulijua.

"Baba," nikasema. "Ni mimi."