Nilivyosema Nimemwona

Mume wangu alikamatwa sokoni Dodoma, wakati vita vya Mdachi na Mwingereza vilipopamba moto. Askari wa boma walifunga njia zote, wakachagua wanaume wenye mabega, wakawatwika mizigo ya jeshi. Yeye alikuwa amekwenda kununua chumvi. Nikabaki na mama yake katika tembe letu upande wa Msalato, na miezi minne ikapita hatujui kama yu hai au amekufa.

Hofu ile haikuniacha. Nikiwa nasaga uwele nilikuwa naacha ghafla na kukimbilia nje, eti mbwa wa jirani amebweka. Ndipo nikaenda kwa mwalimu wetu, mjane wa Kondoa aliyetufundisha wanawake Kurani, maana nilisikia anayo mazoezi ya kufungua jicho la moyo, na kwamba aliyefunguliwa huona yaliyofichika. Sikumwambia nataka kuona nini. Alijua.

"Hapa hatuulizi habari za mtu," alisema. "Utakaa, utafumba macho, utamtaja Mungu moyoni kila moyo unapopiga, ulimi usitikisike. Mawazo yakija, yaache yapite. Ukianza kuuliza, utajijibu mwenyewe."

Zilikuwa siku arobaini, baada ya alfajiri na baada ya alasiri, nikikaa mkekani nyumbani kwetu. Mimi si mtu wa kutulia, nakiri. Goti liliniuma, nzi walinitambaa puani. Nilimtaja Mungu mara tatu, ya nne nikajikuta namtaja mume wangu. Niliona giza tu, giza la kawaida la mtu aliyefumba macho. Asubuhi moja tu ndipo moyo ulipotulia kabisa, nikasahau hata namngoja nani. Utulivu ule ulinitisha kuliko hofu yenyewe, nikahisi nimemtupa mume wangu. Nikafumbua macho haraka.

Kila nilipoinuka mkekani nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni.

"Umemwona?"

"Bado, mama."

Alikuwa ameanza kususa chakula. Siku moja alisukuma hata bakuli la uji, nikaitazama mifupa ya shingo yake, nikasema, "Nimemwona."

"Yukoje?"

"Amekaa na wenzake, wanakula ugali na mlenda. Amekonda kidogo."

Hilo la kukonda nililiongeza ili aniamini. Aliuvuta uji wake akaunywa wote, nami nikafurahi, mpumbavu mimi.

Kesho yake akataka habari mpya. Nikampa mwanawe blanketi. Siku iliyofuata nikamponya kidonda cha mguu. Mazoezi yakaharibika kabisa, kwa sababu kila nilipofumba macho alinijia yule mtu niliyemtunga, mnene na msafi kuliko wangu, hata uso wa mume wangu halisi ukaanza kunipotea. Niliona aibu kumweleza mwalimu. Nikaacha kwenda kwake, ila mkekani niliendelea kukaa, kwa kuwa mama mkwe alikuwa akiningojea.

Kisha siku moja, jua limeshapanda, akaja mtu anayechechemea. Alikuwa amekamatwa siku ileile sokoni, akafunga safari pamoja na mume wangu. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akaketi chini, akasema mwenzake aliugua kuhara damu, akafa mwezi wa pili wa safari. Walimzika kando ya njia. Yeye mwenyewe alishika miguu.

Mwezi wa pili! Nilikuwa hata sijaukalia ule mkeka.

Nilipiga ukelele, majirani wakajaa uani. Mama mkwe hakulia.

"Umemfananisha," alimwambia yule mtu. "Mke wake amemwona jana. Anakula vizuri."

Yule mtu akanigeukia. Wanawake walitaka kuniingiza ndani nianze kukaa eda, mama mkwe akawazuia kwa mikono miwili. Alisema hakuna atakayemlilia mtu hai nyumbani kwake.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, nilisema uongo. Sikuona kitu, hata siku moja."

Alinishika mkono akaniinua, taratibu, kama anavyoinuliwa mgonjwa.

"Umechoka tu, mwanangu," akasema. "Njoo mkekani."

Akaniongoza, akanikalisha, na majirani wote wanatazama. Nikafumba macho. Akaketi karibu yangu mpaka nikazisikia pumzi zake, akaniuliza leo anakula nini.