Muuza Nyama Aliyeacha Kutania

Lori lilikuwa halijasimama vizuri pale dereva Adrien alipofungua mlango na kuniambia nishuke. Tulikuwa tumetoka Kasomeno na mzigo wa makaa na samaki wakavu, na nilidhani angenifikisha katikati ya mji. Aliniacha Annexe, mtaa wa pembezoni, ambako sikuwahi kufika: vishamba vya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nyumba za matofali zisizo na madirisha, na vumbi jekundu lililopanda hadi kwenye majani.

"Hapa kuko hoteli?" nilimwuliza.

"Hoteli ya nini? Utalala kwa Asani, ile nyumba ya mulango ya bleu. Ule muntu ni mutakatifu. Anafungaka kila siku, halalake usiku, analia mu sala. Kila kitu yake anagawa. Bantu kama ule hatuna tena."

Nimewahi kulala katika nyumba za watakatifu wa nchi kadhaa, na mara nyingi chakula chao huwa kizuri. Nikabeba begi langu.

Asani alinipokea kwa mkono uliolegea kama kitambaa kilicholowa. Alikuwa mtu wa makamo, suruali yake imekazwa kiunoni kwa kamba kwa sababu mwili ulikuwa umeikimbia. Alinikaribisha, akarudi kwenye mkeka wake, akautazama ukuta. Jua lilipozama, adhana ikasikika, na baadaye mkewe Chadia akatuletea bukari, ugali wa huko, na samaki. Asani aliisukuma sahani upande wangu.

"Kula, mugeni. Mi nimefunga."

Giza lilikuwa limeshaingia. Waislamu wa mtaa mzima walikuwa wanakula. Nilimtazama Chadia, naye akainamisha uso.

Asubuhi, akipepea mbabula, jiko lake la makaa, Chadia alinieleza mume wake alikuwa mtu wa namna gani. Babu yake alikuja kutoka Maniema na kisu cha kuchinjia, na kazi hiyo ikashuka hadi kwake. Sokoni watu walipita meza za nyama zilizokuwa karibu ili wafike kwa Asani, kwa sababu ya mdomo wake. Mama akitaka aongezewe mfupa, alimwambia: "Mama, huyu ng'ombe alikuwa na miguu ine tu. Ulitaka nimuzalishe ya tano?" Wateja walicheka, wakanunua zaidi ya walichokusudia.

Mvua zilipokwisha, usingizi ukamtoka. Kisha njaa. Kisha akaacha meza yake. Akawapa wenzake visu vyake vyote, baiskeli akampa mwadhini, koti lake la baridi akampa jirani anayeitwa Jamali.

"Ulimwambia mtu?" nilimwuliza.

"Niliambia bote. Niliambia mukubwa wake, Moussa. Banasema: Chadia, uko na bahati. Bwana za benzako banakunywa pombe, wa kwako anasali. Shukuru Mungu."

Hapo hapo Jamali akapita njiani, mikono imezama katika mifuko ya koti lile. "Jambo yenu! Mutakatifu ameamuka? Huyu ni wa peponi!" akasema, akaenda zake, amevaa koti la mgonjwa na hana habari.

Nilipandwa na hasira ambayo hadi leo haijanishuka. Sina ugomvi na swala wala na saumu. Najua watu wengi ambao zimewaweka hai. Lakini hapa mtu aliacha kula, wakasema amefunga. Aliacha kulala, wakasema anakesha na Mola wake. Alilia kutwa, wakasema ana hofu ya Mungu. Akaanza kugawa hata zana za kazi yake, kama mtu anayejiandaa kuondoka asirudi, na mtaa mzima ukanyoosha mikono kupokea. Walimwona kila siku. Mke peke yake ndiye aliyesema kuna kitu hakiko sawa, naye wakamfundisha shukrani.

Saa chache baadaye sauti nzito ya mwanamke ikapasuka kwenye ua.

"We Asani! Mwizi ya mifupa! Toka inje!"

Alikuwa Mama Albertine, jirani Mkatoliki, mzaliwa wa Manono, ambaye msimu mzima alikuwa Kambove kwa binti yake aliyejifungua. Babu yake Albertine alifanya kazi ya reli, na babu wa Asani ndiye aliyewachinjia wafanyakazi ng'ombe, na tangu enzi hizo familia zao zina butani: wana haki ya kutukanana mbele za watu, na anayetukanwa hana ruhusa ya kukasirika. Wajibu wake ni mmoja tu, arudishe tusi kubwa zaidi.

"Umekonda vile, ni ng'ombe ndiyo banakukula sasa? Babu yako alikuwa anauzisha paka, anasema ni mbuzi!"

Asani alitoka hadi kizingitini. "Ni kweli, mama," alisema.

Albertine alicheka peke yake, akajaribu tena. "Na wewe hauna hata faida. Imbwa za Annexe zote zinakukataa!"

"Ni kweli. Sina faida."

Kicheko kikamwisha. Alitua kikapu chake chini, akamgeukia Chadia. "Tangu lini mutani anaitikaka?" Chadia akaanza kulia.

Albertine alimkalisha Asani kwenye kibao, yeye akakaa chini mbele yake, miguu imenyooshwa. "Ndugu yangu, sasa sichezi. Unawazaka kufa?"

Nilitaka kumzuia. Nilidhani swali kama hilo humsukuma mtu shimoni. Asani alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

"Kila siku," alisema. "Nimechoka, mama. Nilikuwa nangoya muntu mwenye ataniuliza."

"Mi pia ilinikamata, kisha kuzala Syntiche. Mama mukwe anasema ni mizimu. Kumbe ni bugonjwa. Docteur ya kichwa alinitunza: dawa, na kuongea, kuongea mingi. Haikuisha siku moja, nisikudanganye. Lakini uko naniona, niko natukana bantu."

Alitoa simu, akampigia Virginie, muuguzi wa kituo cha afya, akamweleza yote bila kupunguza kitu. Sauti ya Virginie tuliisikia sote: msimwache peke yake hata kidogo, mleteni leo hii, nitaenda naye mwenyewe kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Moussa, kaka mkubwa wa Asani, aliingia wakati huo huo, kofia yake nyeupe kichwani, akiwa amesikia maneno ya mwisho.

"Docteur ya bazimu? Mu familia yetu?" Moussa alisema. "Mama Albertine, butani ikuwe na mupaka. Batasema iko mu damu. Mabinti yangu bataolewa na nani? Na huyu muntu iko na imani kuliko siye bote. Unataka bamukatize sala?"

"Atasali. Na atakunywa dawa. Mungu alikukatazaka dawa ya malaria, wewe?"

"Malaria ni kitu ingine."

"Yaya Moussa," Chadia alisema, kwa neno la kumheshimu kaka mkubwa, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Jana aliambia mugeni amefunga, na jua ilishazama zamani. Uniambie, ile ni funga ya namna gani?"

Moussa alijua dini yake vizuri mno hata asiweze kuitetea funga hiyo. Akaegemea pale alipoweza kuegemea: "Mi ndiye mukubwa. Hatoki mu hii nyumba."

Albertine akasimama, akajikung'uta vumbi. Butani ina sheria nyingine: mtani akiingia kwako anaweza kuchukua kitu akitakacho, na mwenye nyumba akimkatalia, amevunja undugu wa mababu.

"Muzuri," alisema. "Leo sitaki kuku. Nachukua huyu."

"Butani ni ya kuku na sufuria!"

"Nani alikuambia? Babu yako, ule wa paka?" Kisha akamwinamia Asani. "Lakini siwezi kukubeba, wewe muntu ya mifupa. Utakuja?"

Asani alitazama miguu yake mitupu.

"Viatu yangu iko wapi?"

"Uliigawa," Chadia alimjibu.

Viatu vyake pia! Mtu fulani katika mtaa ule alikuwa anatembea navyo asubuhi hiyo, akimwombea heri.

"Moussa," Albertine alisema, "toa yako."

Nilitarajia kelele. Moussa alimtazama mdogo wake, shingo ile, kamba ile kiunoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu mvua zilipokwisha. Akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akavisukuma mbele. Vilikuwa vikubwa. Chadia alipiga magoti na kumfunga Asani kamba kwa nguvu ili visimtoke.

Teksi ilisimama barabarani. Albertine alipanda mbele, Chadia akakaa nyuma na mumewe, akamshika mkono. Moussa aliwafuata kwa soksi hadi dirishani.

"Nitasema umeenda Kambove," alinong'ona. "Kununua ng'ombe."

"Yaya, usidanganye bantu," Asani alisema bila kugeuza uso. "Sema naumwa."

Gari likaondoka. Hakuna aliyejua kama angelala usiku huo, wala dawa ingemchukua muda gani. Albertine alikuwa ameshamwambia ugonjwa ule hauishi siku moja. Nilibaki kwenye ua na Moussa, hasira yangu haina tena wa kumwangukia zaidi ya huyu mzee asiye na viatu.

Binti mdogo wa Asani akarudi kutoka shuleni, akachungulia ndani, akaona mkeka hauna mtu.

"Papa iko wapi?"

Moussa alinitazama. Sikumsaidia.

"Anaumwa," alisema mwishowe. "Bamemupeleka kwa docteur."

"Anaumwa wapi?"

Moussa aliinua mkono wake, akatafuta mahali pa kuuweka, kichwani, kifuani, akaushusha.

"Kaa hapa karibu na mi," alimwambia. "Tutamuuliza akirudi."