Mpishi Asiyeonja

Siku tuliyojua, Khalati Mahfudha alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye sufuria ya wali wa nazi, akinifundisha namna ya kuchagua nazi kwa kuitikisa karibu na sikio. Wali ulikuwa unaungua. Mimi nilisikia harufu pale nilipokaa, mama akaisikia kutoka chumbani, na jirani wa nyuma akapaza sauti juu ya ukuta, "Nyinyi, kwaungua huko!" Khalati akaendelea na nazi yake.

"Khalati," nikamwambia, "wali."

Akageuka, akafunua mfuniko. Moshi ukampiga usoni, naye akautazama kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

"Umeungua," akasema. Hakushtuka. Alikuwa anatupa habari tu.

Khalati Mahfudha ni dada mkubwa wa mama yangu, na sote twaishi nyumba moja hapa Shela, Malindi. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyepika harusi za mji huu, pilau na biriani za watu mia tatu, mia nne, kwa masufuria ambayo mimi naweza kuketi ndani nikaoga. Hana bango wala kadi. Watu huja mlangoni wakasema, "Bi Mahfudha, twaoza mwezi fulani," naye huuliza ni watu wangapi na ni nyama gani, basi. Jikoni humsaidia mwanamke mmoja, jina lake Wangu.

Mwezi wa Machi alishikwa na homa na mafua, akalala wiki mbili. Homa ilipoondoka, iliondoka na harufu na ladha. Alidhani zitarudi zenyewe, akanyamaza. Aprili akapika hitima ya mzee mmoja aliyefariki kule Mambrui, akatia chumvi mara mbili. Kwa kuwa ni hitima, hakuna aliyesema neno. Yeye alijua alipoona majagi ya maji yanarudi jikoni matupu kabla ya masinia. Baada ya hapo alikataa kazi tatu, akisingizia mgongo.

Lakini ya Bi Rufaida hakuweza kuikataa. Rufaida ni rafiki yake tangu walipokuwa wakisoma chuo kimoja cha Kurani kwa mwalimu mmoja, na mwisho wa Agosti alikuwa anamwoza binti yake wa pekee. Alikuwa keshautangazia mji mzima kwamba mpishi ni Mahfudha. Khalati akaitikia. Kisha akaniambia, huku akikunja nguo, "Siku ya harusi ya Rufaida ikifika nami niko hivi, sijui nitafanya nini." Akakunja nguo zote mpaka zikaisha, akabaki ameketi mbele ya kapu tupu.

Waliojua tulikuwa wanne: yeye mwenyewe, mama, mimi, na Muzammil, mwanawe aliye Mombasa. Muzammil ni fundi wa majokofu ya mikahawa. Alimtafutia mamake daktari wa pua na koo huko huko Mombasa, miadi ya Jumatano tatu mfululizo za mwezi wa Agosti. Mimi nilikuwa likizo, nikatumwa niandamane naye nimshikie faili.

Daktari alisema mishipa iliungua kwa homa. Huenda ikarudi, huenda isirudi. Dawa hakuna. Anuse vitu vikali asubuhi na jioni, na asubiri.

"Kusubiri tu?" Muzammil akauliza tulipotoka nje. "La! Mama, mimi nitakupeleka ukale vitu ambavyo ulimi wako haujaviona tangu uzaliwe. Ulimi ukishtuka utaamka."

"Haya," akasema Khalati.

Hivyo ndivyo sisi tulivyoingia mikahawa ya Waasia. Huku Malindi tumezoea mikahawa ya Wataliano, tena kwa kuipita nje.

Wa kwanza ulikuwa wa Wahindi, mkabala na duka la viungo ambalo Khalati amenunua iliki yake maisha yote bila kuvuka njia kuingia mlango wa pili. Tuliletewa sahani pana za chuma zenye vibakuli saba, na mimi nilitaka kujua jina la kila kimoja, nikamchosha mhudumu. Khalati aliinua kibakuli kimoja kimoja akakielekeza dirishani, aone mafuta yamekaaje.

"Hapa kitunguu kimekaangwa kwa haraka," akasema. "Hizi dengu za jana. Hii nzuri, ametulia huyu."

Alivijua vyote kwa macho.

"Na ladha, mama?" Muzammil akauliza.

Khalati akaonja upya, kwa utiifu. "Hii moto," akasema. "Hii baridi."

Wa pili ulikuwa wa Wajapani, Nyali, ghorofani. Kwanza tuliletewa vitambaa vidogo vya moto, vimeviringishwa vizuri juu ya ubao. Mimi nilikinusa changu, kilikuwa na harufu ya ndimu. Khalati alichukua chake akapangusa meza. Kisha akapangusa sahani. Kisha akanyosha mkono, "Hebu nipe na hicho chako," apanguse ukingo wa kiti.

Mhudumu alikuwa msichana wa Kilifi, jina lake Cynthia limeandikwa kifuani. Alijiziba mdomo asicheke. "Mama, hivyo ni vya kupangusia mikono."

"Mikono yangu nimenawa, mwanangu. Meza yenu ndiyo haijanawa."

Samaki alipoletwa, mbichi, amekatwa vipande vyembamba juu ya wali, Khalati alimtazama Cynthia kwa huruma. "Gesi imewaishia?"

"La, mama, ndivyo aliwavyo."

"Mimi natoka Malindi. Samaki mbichi namjua."

Kando ya sahani palikuwa na donge dogo la kijani. Khalati alidhani ni pilipili ya kuponda, akalichukua lote kwa kidole akalitia kinywani. Cynthia alipiga yowe. Muzammil akainuka nusu. Khalati alitafuna taratibu, na machozi yakaanza kumtoka, yakashuka mashavuni moja baada ya jingine, na uso wake ukabaki vile vile. Sijawahi kuona kitu kama hicho, mtu analia na uso haujui.

"Mama! Umesikia?" Muzammil alikuwa karibu kushangilia. "Umesikia kitu?"

"Machozi," akasema Khalati, akijipangusa kwa ncha ya mtandio. "Ladha sina."

Muzammil akageuza uso akatazama nje. Harusi ilikuwa imebakiwa na siku kumi na saba.

Jumatano ya tatu daktari alifungua faili, akaandika "hali ni ile ile", akalifunga. Tukaenda kwa Wachina.

Mlangoni palikuwa na cheti cha halali, Khalati akakisoma mara mbili. Ndani palikuwa na hodhi la kioo, kaa wanapandana humo, na kila kaa amefungwa mikono kwa kamba ya buluu. Meza zilikuwa na duara la kioo katikati linalozunguka ukilisukuma, chakula kikakujia chenyewe. Nilisukuma mpaka Muzammil akaniambia inatosha, wewe. Yeye ndiye anayewatengenezea jokofu, basi aliagiza bila kutazama orodha: kamba wa baharini waliokaangwa na pilipili kavu na chembe ndogo za kahawia, mfano wa pilipili manga iliyopasuka.

"Chembe hizi hutia ulimi ganzi," akatueleza. "Watu hutoka mbali kuja kuzila."

Nilitafuna moja. Kwanza hakuna kitu. Kisha ulimi ukaanza kutetemeka, kama mguu ulioukalia ukafa ganzi. Maji niliyokunywa yalikuwa na ladha ya msumari. Nilijigusa mdomo kuona kama bado upo.

Khalati alitafuna chembe tano, moja baada ya moja. Akangoja.

"Wewe wasikiaje?" akaniuliza.

"Ulimi si wangu, Khalati. Umekufa."

"Na watu hulipia hii?"

"Ee, mama," akasema Muzammil.

"Mimi ninayo bure."

Muzammil alicheka, kisha akaona mamake hacheki, akaacha. Khalati alikuwa amemchukua kamba mmoja, amempasua kwa vidole, anamtazama ndani.

"Niitieni aliyempika huyu," akasema.

Mimi nilitarajia mzee wa Kichina. Akatoka mtu mfupi wa makamo, kofia nyeupe, anajipangusa mikono kwenye aproni. Jina lake Fondo, kwao Kaloleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi. Kuna ubaya?"

"Hakuna. Kamba umemtoa wakati wake. Angezidi kidogo angekuwa mpira. Wajuaje?"

Fondo akatabasamu. Nadhani hakuwa ameulizwa swali hilo siku nyingi. "Hupiga kelele, mama. Maji yakimwisha, mafuta hubadili sauti. Hapo hapo namtoa."

"Kisha waonja."

"Sionji."

"Huonji nini?"

"Mimi Msabato, mama. Kamba, kaa, pweza, kanisani kwetu hatuli. Huu mwaka wa tisa nampika, na hajapita kinywani mwangu."

Khalati akaketi wima. Tangu Machi sikuwa nimemwona akimtazama mtu namna ile.

"Chumvi je?"

Fondo akatoa mfukoni kijiko kidogo cha chuma. "Kilo moja, hiki viwili, uso umesawazishwa. Siongezi, sipunguzi."

"Na ukiletewa kamba wa Ngomeni, mwenye chumvi yake?"

"Hapo sijui mimi. Hapo ni bosi."

"Bosi afanya nini?"

"Ndiye aonjaye. Kila kikaango, kabla hakijatoka, huja na kijiti chake akaonja. Siku niliyoajiriwa nilimwambia, sijavaa hata kofia: bosi, mimi napika ila sionji. Wote humu wajua. Bosi akiwa hayupo, aonja Simeon wa kuosha vyombo." Akacheka. "Na nyinyi je, Ramadhani si mwapika mchana kutwa na hamwonji?"

"Ramadhani watu wana njaa, Fondo. Hata tukikosea, hawatwambii."

"Kweli, hawasemi!"

"Na hutamani?" Khalati akauliza. "Kukijua chenyewe?"

Fondo alifikiri kidogo. "Ni kazi, mama. Tena harufu yake yanitosha."

"Harufu," akasema Khalati.

Fondo akaaga, akarudi jikoni. Tulipotoka barabarani Muzammil alikuwa mtu mwingine, anatembea kinyumenyume mbele yetu ili amwone mamake usoni. "Umeona, mama? Miaka tisa! Kijiko tu! Nitakununulia mizani, tutaandika vipimo vyote kwenye daftari, huyu ataandika, ana hati nzuri. Harusi utapika, na hakuna atakayejua."

"Bosi wake ajua," akasema Khalati.

"Naam?"

"Bosi wake ajua, Muzammil. Hata Simeon wa kuosha vyombo ajua."

Kesho yake asubuhi alivaa buibui akaenda kwa Bi Rufaida, nami nikamfuata. Bi Rufaida alikuwa uani, anasugua masinia ya harusi kwa jivu na ndimu. Nikamwamkia, akatuletea viti, akataka kutia chai. Khalati akasema chai baadaye.

"Rufaida, ulimi wangu umekufa tangu Machi. Na pua pia. Ile hitima ya Mambrui nilitia chumvi mara mbili."

"Ile?" Bi Rufaida akaacha kusugua. "Mahfudha, mimi nilikunywa maji siku mbili!"

"Mbona hukunambia?"

"Kwenye hitima? Ningesemaje?"

Wakatazamana. Nilidhani watacheka, kwa kuwa wao hucheka kwa mambo madogo zaidi ya hayo. Hawakucheka.

"Naweza kupika kwa vipimo," akasema Khalati, "na Wangu aonje. Yule mwanamke ni miaka kumi na mitano yuko nami jikoni, ana ulimi mzuri. Au tafuta mwengine. Sitakasirika."

Bi Rufaida alilitazama sinia lililokuwa mikononi mwake. "Watu mia nne," akasema.

"Mia nne."

"Na wakwe watoka Lamu."

"Najua."

"Nipe mpaka kesho, dada yangu."

Ijumaa baada ya sala ukaja ujumbe kwenye simu. Ulikuwa mrefu, umejaa dua, na karibu na mwisho ulisema amepata mpishi wa Mambrui, na Wangu atamsaidia. Nilimsomea Khalati. Akasema, "Haya." Akaniambia nimjibu Mungu amjaalie kheri. Nikaandika, akaniuliza kama nimeandika, nikasema ndiyo. Muzammil alipopiga simu alifoka, ati mama umejifukuza kazi mwenyewe. Khalati alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kama amekula.

Siku ya harusi alioga, akavaa dera lake jipya, akajifukiza udi ambao hakuusikia. Tulipofika kwa Bi Rufaida alisimama njiani. Miaka thelathini ameingia nyumba za harusi kwa mlango wa uani, na sasa aliniuliza, "Wageni huingilia wapi?" Nikamwonyesha.

Tuliketi mkekani, wanawake sita kwa sinia moja, wawili wao wakwe wa Lamu. Biriani ilipoletwa hakuna aliyenyosha mkono. Walikuwa wanamtazama Khalati. Nilipogeuka nikamwona mpishi wa Mambrui amesimama mlango wa uani, leso kiunoni, naye anamtazama, na Wangu nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeshasikia harufu, iliki na zafarani na kitunguu kilichokauka vizuri. Nilitaka kumnong'oneza, sikuthubutu.

Khalati akafinyanga tonge, akala. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Ehe, Bi Mahfudha?" mmoja wa wakwe akauliza. "Vipi?"

"Wali umechambuka," akasema Khalati. "Nyama imelainika, haikuvurugika."

"Na ladha?"

"Ladha nambieni nyinyi. Mimi sisikii ladha tangu Machi."

Mkwe yule akatia tonge kinywani, na wengine wakamfuata. Mmoja akasema iliki imezidi. Mwenziwe akamwambia iliki iko sawa, ni wewe huna adabu, waja harusini kwa watu wapekua iliki. Wa tatu akasema kinachokosekana ni siki. Wakabishana hivyo na vinywa vimejaa, na Khalati akawa anamtazama mdomoni kila anayesema, akila upande wake wa sinia mpaka chuma kikaonekana.