Chupa ya Guka Imeng'aa

Admin, jina langu usiweke, kwetu Mau Narok watu wanajuana. Niko na miaka 24, mimi ni waiter kwa hoteli ya watalii hapa Nakuru, nimepanga single room Bondeni. Naandika nikiwa break. Sijui kama nina huzuni ama nini. Mwili iko tu. Hii ni wiki ya pili nakula na siskii ladha, na ladha ndio kitu yangu.

Wine hakuna mtu alinifunza. Wageni wakiacha kidogo kwa glasi, mimi huenda nayo jikoni, nanusa, naonja, natema kwa sink, naandika nyuma ya kitabu cha oda. Wapishi walikuwa wananicheka, "Boss, wewe unakunywa ama unasukutua mdomo?" Sikujali! Kuna moja ilikuwa na harufu ya mchanga wa Mau mvua ikianza. Ingine zambarau na kiatu mpya. Nikaingia YouTube, nikajua minada, watu huko London wanauza chupa na bei inapanda mtu akiinua tu mkono. Lunch yangu yote nilikuwa nafuata bei kwa simu, kama vile wenzangu wanafuata mpira.

Mwezi uliopita nikaona chupa naijua.

Guka, babu yangu, alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba la ngano. Mzungu akienda kwao alimwachia chupa moja ya wine ya Ufaransa. Guka akailaza kwa store ya viazi, chini ya magunia, akasema isisimamishwe na isiguswe. Hiyo store ni baridi na giza mwaka mzima. Shosho, mke wake, ameokoka, hakuna mtu angeikunywa. Guka akafa, chupa ikabaki. Mimi nimeitwa jina la guka, ndio maana shosho huniita bwanangu. Krismasi nilikuwa nimeipiga picha. Nikalinganisha na ile ya mnada. Label ni ile ile, mwaka ni ule ule, na imeuzwa bei ya ploti Lanet! Nilipiga nduru hadi mgeni akaangusha uma. Kabla sijafikiria nikatupa screenshot kwa group ya familia. Uncle, kaka ya baba, akajibu hapo hapo, "Hiyo ni ya familia. Tutagawana."

Nikatafuta madam fulani Nairobi anayepelekea watu chupa mnadani. Aliona picha akaniambia, "Ilete venye iko. Hata vumbi usipanguse."

Nikapigia shosho. Nilikuwa naongea mbio, mnajua vile mtu huwa. "Shosho, Alhamisi nakuja kuchukua chupa ya guka, kuna mgeni mkubwa anataka kuiona!" Ni hiyo tu nilisema. Ya vumbi nilisahau.

Alhamisi nikafika. Chupa ilikuwa imesimama kwa meza, juu ya kile kitambaa chake cha kufuma cha wageni. Inang'aa kama glasi ya dirisha. Alikuwa ameiloweka kwa maji moto na sabuni, akaisugua na steel wool. Label hakuna. Kile kifuniko kinachofunika kizibo, alisema kilikuwa kimeoza, akakitupa kwa moto.

"Bwanangu," akaniambia akicheka, "mgeni aone chupa imejaa buibui, aseme uliniokota wapi?"

Mikono yake ilikuwa nyekundu na hayo maji. Nilimwambia, "Asante shosho. Imeng'aa." Nikakunywa chai vikombe viwili. Sikuskia kitu. Hadi leo sijaskia.

Nilienda nayo Nairobi hivyo hivyo. Madam aliishika kwa mwangaza, akaigeuza geuza. "Mimi nakuamini," akasema. "Lakini anayenunua hatanunua imani yangu. Kujua ni wine gani lazima tufungue, na tukifungua hakuna cha kuuza. Na hayo maji moto, sijui ndani kumebaki nini." Sasa iko chini ya kitanda yangu. Sijaifungua.

Uncle anasema niliuza nikakula. Nikisema haikuuzika anatuma ile screenshot yangu mwenyewe. Nilijaribu kusema ni mimi niliiosha, kwa group, mbele ya wote. Akaandika, "Wewe profesa wa wine, umetusomea hiyo wine miaka tatu, ndio uoshe chupa? Tafuta uongo ingine." Na ni ukweli, hata mimi singejiamini. Ameita mkutano Jumamosi kwa shosho. Nikuje na pesa, ama nisikanyage hapo tena. Hapo ndipo nililelewa.

Shosho hajui bei, wala hajui kuosha ndiko kuliiharibu; uncle amemwambia tu kuna mkutano wa chupa na kwamba mimi nasema haikununuliwa. Ako na pressure na ako na miaka themanini na kitu. Jana alinipigia. "Mgeni alifurahia chupa?" Nikamwambia alifurahia sana, alisema hajawahi kuona chupa safi hivyo. Akacheka. Halafu akasema, "Usiogope Jumamosi. Wewe nyamaza tu, mimi ndio nitasimama. Nitawaambia vile niliisugua na hii mikono yangu, nilitoa hadi ile karatasi chafu. Wajue kama haikununuliwa si makosa ya bwanangu."

Uncle si mjinga. Akiskia tu hiyo ya karatasi ataelewa, na najua mdomo wake. Atamwambia bei, hapo hapo, mbele ya watu wote, na shosho atakuwa bado amesimama.

Kwa hivyo nafikiria nifike mapema kabla hajaamka kwa kiti, niseme ndiyo, niliuza, nilikula yote. Pesa yenyewe sijawahi kuiona. Nitafukuzwa, lakini yeye atabaki akijua chupa iling'aa. Ama pia hiyo itamuua, kujua bwanake ni mwizi?

Nyinyi watu wazima mko hapa, wenye mmelelewa na shosho, niambieni. Jumamosi niseme nini?