Mmangisi wa Bi Mwatum

Mabrouk wa Dole amewaambia wageni wengi kwamba mmangisi ulio nyuma ya nyumba yake ameupanda yeye. Hakuupanda. Aliupanda shangazi yangu, Mwatum binti Mcha, na Dole nzima inajua. Kwa kuwa wanaojua wamechoka kusema, nitasema mimi.

Baba yangu, Miraji, alikuwa mpishi wa meli. Wenzake wakirudi kutoka Singapore walileta vitambaa na saa. Yeye alimletea dada yake mbegu, kwa sababu hizo ndizo alizozitaka. Toka utotoni shangazi alikuwa mtu wa kuotesha. Tunda lolote likiliwa mbele yake, aliomba kokwa. Miaka michache kabla ya Mapinduzi baba alirudi na kopo la biskuti lililojaa unga wa makaa, na ndani ya makaa yale yamefukiwa matunda ya mviringo, ya rangi ya zambarau, yenye ganda nene. Wamalay huyaita manggis. Shangazi akayaita mangisi, na jina likabaki.

Ndani ni meupe, yamegawika vipande kama kitunguu saumu, na utamu wake una uchachu kidogo. Mengi yalikuwa yameshaoza njiani. Katika yale mazima, mbegu za kufaa zilikuwa chache, na mbegu ya mangisi haimngoji mtu: ikikauka imekufa. Shangazi alizisafisha, akazilaza katika nyuzi za makumbi ya nazi zilizoloa mpaka zikatoa ncha. Kisha akazitia kila moja katika pakacha refu alilolisuka mwenyewe, ili siku ya kupanda shambani azike mche pamoja na pakacha lake. Mzizi wa mmangisi huteremka chini moja kwa moja, na ukiukata, mche hauponi. Uliopona ulikuwa mmoja. Akaupanda nyuma ya nyumba ya mumewe, Mabrouk, kule Dole kwenye udongo wenye kina, akaujengea kivuli cha makuti kwa sababu ukiwa mchanga hauvumilii jua.

Aliotesha na mengine: mipopoo ya huko kwa Wamalay yenye mashina mekundu, mitangawizi ya maua ambayo ua lake husimama peke yake kama mwenge. Lakini moyo wake ulikuwa kwa mmangisi. Mti ule ulitoa majani mawili, ukanyamaza. Ukatoa mengine mawili, ukanyamaza tena.

Kwa Mabrouk huo ukawa mzaha wa nyumba. Wageni wakija aliwapeleka nyuma.

"Tazameni mti wa mke wangu," akisema. "Muhogo nlopanda nao pamoja nshaula, nshapanda tena, nshaula tena. Huu bado unafikiri."

Watu walicheka, na shangazi alicheka nao. Miaka ilipopita na wao hawajapata mtoto, mzaha ukageuka. Siku moja, shangazi ameinama anawamiminia wageni chai, Mabrouk akasema, "Mti hauzai na mwenyewe hazai. Wameelewana." Hakuna aliyemkemea. Mmoja aliomba sukari.

Mwaka 1966 alimwacha, akaoa mwengine. Shangazi akaja kwetu mjini, Kikwajuni, na furushi la nguo na makopo yake ya maua, ambayo aliyapanga ukumbini mpaka mama akawa anapita kwa ubavu. Mmangisi haukuchukulika. Kwa hiyo kila Ijumaa alipanda gari la shamba akaenda Dole kuutazama, kuutandazia majani makavu shinani, kuumwagilia kiangazi. Mabrouk siku hiyo huwa mjini kwa sala na mazungumzo. Aliyekuwapo nyumbani ni mama yake, Bi Mashavu, mwanamke mwenye ulimi ambao hata mwanawe aliuogopa. Niliwahi kumfuata shangazi mara kadhaa, na maamkizi yao yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunitazama miye au huyo mumeo wa majani?"

"Nyote wawili, mama."

"Muongo. Haya pita, kanzu yake ya makuti imechanika upande wa kibla, mbuzi wamemla."

Mwaka 1971 mti ulizaa. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, na namkumbuka shangazi aliporudi Ijumaa ile: alikaa kizingitini bila ya kuvua buibui, akatuonesha tunda moja bichi juu ya kiganja, kama mtu aliyeokota kifaranga. Hakulichuma, lilikuwa limeanguka.

Yalipoiva, hakukuta hata moja. Mabrouk alikuwa ameyachuma yote, akayatia vikapuni akawapelekea wakubwa wa serikali. Wakubwa walipenda. Wakaja watu wa kilimo kuutazama mti ambao hapa kwetu hauonekani mara kwa mara, wakamwuliza nani aliyeuotesha kwa mbegu, kazi ya subira kiasi kile. Akasema: mimi. Wakamsifu mbele ya watu kuwa ni mkulima wa mfano. Yeye, ambaye hajaumwagilia mti ule hata kata moja ya maji.

Habari ilitufikia bombani, ikiletwa na jirani aliyetuambia kwa furaha kwamba yule shemeji wa zamani amekuwa mtu mkubwa. Shangazi aliweka ndoo chini.

"Nitakwenda kwa wazee," akasema.

Hapa yafaa nieleze kwa asiyeyajua mambo ya shamba. Kwetu Unguja mti ni kitu kimoja na udongo ni kitu chengine. Serikali imeshatangaza kuwa ardhi ni ya umma, lakini ndani ya viambo watu bado wanahukumiana kwa ada zao, na ada inasema aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata ukiwa umesimama katika kiwanja cha mtu. Ndiyo maana mwenye kiwanja akikukaribisha hukuruhusu kulima muhogo, hakuruhusu kupanda mnazi.

Wazee wa Dole walikutana barazani kwa Mzee Usi, mkubwa wao. Mimi na shangazi tulikaa kwenye mkeka, upande wa mlango, na Bi Mashavu kando yetu, anatafuna tambuu.

"Mti kaupanda nani?" Mzee Usi akauliza.

"Kaupanda yeye," Mabrouk akajibu, "lakini alikuwa mke wangu. Mkono wa mke ni mkono wa mume."

"Basi mkono wako ule ulikuwa ukichota maji kisimani na wewe umelala," shangazi akasema. "Pole kwa kuchoka."

Bi Mashavu alicheka mpaka akapaliwa. Mzee Usi alimwuliza Mabrouk kama aliwahi kumkataza mkewe asipande. Hakuwahi. Alikuwa akiucheka tu, na wote waliokaa pale walikuwa wameshacheka naye. Hukumu haikuchukua muda: mti ni wa Mwatum, udongo ni wa Mabrouk, Mwatum ana ruhusa ya kuingia kuchuma. Mti ukifa, haki yake pale imekwisha.

Tulirudi mjini tumefurahi. Mabrouk alirudi kwake amesikia neno moja tu katika yote, lile la mwisho.

Ijumaa iliyofuata tulikuta jembe limeshapita. Alikuwa amelima matuta ya muhogo kuuzunguka mmangisi wote, mpaka shinani, na mizizi ya juu, ile myembamba ambayo mti hulia chakula nayo, imekatwakatwa imetupwa kando kama nyuzi za katani. Majani makavu ambayo shangazi aliyatandaza miaka yote yalikuwa yamechomwa moto. Mabrouk alisimama pembeni, mpole.

"Nalima chakula, Bi Mwatum," akasema. "Watu wanapanga foleni kwa kibaba cha unga. Utanizuia nisilime chakula katika udongo wangu?"

Tulikwenda kwa wazee tena. Walisikitika. Walisema ni kweli si vizuri. Walisema pia udongo ni wake, na siku hizi ukimkataza mtu kulima utaonekanaje? Mmoja akamshauri shangazi amwombe Mabrouk msamaha, ili aone huruma. Msamaha wa nini? Wa kuwa ameotesha mti? Bado naliuliza swali hili na bado sijapata wa kunijibu. Watu wazima, wenye misahafu vichwani, walikuwa wakimtazama mtu anaua mti polepole mchana kweupe, na kwa kuwa alikuwa na jembe mkononi wakaiita kazi.

Mwezi wa pili tangu kulimwa, matawi ya upande wa kaskazini yalianza kunyauka. Mabrouk akaongeza matuta. Shangazi alikuwa hangoji tena Ijumaa; baadhi ya siku alikuwa halali kwetu, analala Dole kwa rafiki yake, ili afike mapema na ndoo. Alikonda. Mama alimwambia, "Wifi, mti tu huo." Shangazi akachukua ndoo yake akatoka.

Aliyemaliza jambo hili ni Bi Mashavu. Aliwaita wazee nyumbani kwake, akamwita mwanawe, akaagiza na sisi tuwepo. Alitoka na mkongojo wake mpaka kwenye mmangisi, akakanyaga matuta ya muhogo bila ya kutazama chini, akaburura ncha ya mkongojo katika udongo kuuzunguka mti, mbali kama kivuli chake kinavyofika.

"Mzee Usi, shuhudia," akasema. "Huu ni wasia wangu. Nikifa nizikwe humu ndani ya duara hili, na mti huu unifunike. Atakayetia jembe humu, kuanzia leo, hana radhi yangu, duniani wala akhera."

Mabrouk aligeuka rangi. "Mama, unajitabiria mauti?"

"Mauti hayanihitaji mimi niyataje. Ng'oa muhogo wako."

"Mama, chakula hicho."

"Nshakula vya kunitosha. Ng'oa."

Akaung'oa, mbele ya wazee, shina baada ya shina, na hakuna aliyemsaidia. Mtu anaweza kuishi na hukumu ya baraza, lakini radhi za mama hakuna wa kuzichezea. Shangazi alianza siku ile ile kuirejesha mizizi iliyobaki chini ya udongo na kuitandazia majani.

Sasa ni mwaka 1973. Upande mmoja wa mti umekauka na umekatwa. Upande mwengine ulizaa mwaka huu, kidogo. Bi Mashavu yu hai. Anasema hana haraka, kaburi halikimbii. Kapu la mwanzo shangazi alimpelekea yeye.

Lakini nenda Dole leo, uulize habari za mti ule. Watakwambia ni mti wa Bi Mashavu. Wengine, wale waliokuja baadaye, watakwambia ni wa Mabrouk. Nilimweleza shangazi kwa hasira. Alikuwa ukumbini, anasafisha kokwa za mangisi katika bakuli, vidole vimeingia rangi ya ganda.

"Waache waseme watakavyo, Shemsa," akanambia. "Mti hauitiki jina. Hebu nisogezee makumbi hayo, hizi zitakauka."

Nilimsogezea. Yeye ameridhika. Mimi sijaridhika.